Chai ya Wanaume wa Carreg y Gof

Kila Jumamosi Nesta Prydderch hupanda kilima cha Carreg y Gof akiwa na chupa mbili za chai na mkate wa zabibu kavu. Ana miaka sabini na mitatu, na magoti yake huanza kulalamika kwenye lango la pili la kondoo. Chini, pale njia inapoanzia, kuna bango: matembezi ya siku moja yanayopendwa kuliko yote katika pwani hii ya Wales, mandhari ya kileleni, sili wanaolala ufukweni, pomboo na kunguru wenye midomo myekundu. Machimbo ya mawe yaliyoumega ubavu mmoja wa kilima hayakutajwa.

Kileleni huwa wamekaa wanaume saba, nyuma ya ukuta wa mawe, wakijikinga na upepo. Walifukiwa na mwamba mwaka 1974. Watembeaji huwauliza njia, nao huwaonyesha. Wapo wanaowapa kamera wawapige picha.

Hefin, mume wa Nesta, bado ana miaka ishirini na saba.

"Umechelewa," alimwambia Jumamosi moja ya Oktoba. "Nikadhani umepata bwana mwingine."

"Nani atanitaka na magoti haya? Hebu sogea huko."

Wenzake wakacheka. Nesta alikuwa akimimina chai alipomwona wa nane. Alikuwa mzee, amekaa peke yake, miguu mitupu, kavaa nguo za kulalia za hospitali. Ni Tudno Parri, aliyekuwa msimamizi wa machimbo. Alizikwa Jumatano, na Nesta hakwenda mazikoni.

"Huyu kaja lini?"

"Alhamisi," Hefin akasema. "Hajafungua mdomo. Mpe chai, anatetemeka."

Nesta alishika kikombe asikitoe. Uchunguzi wa vifo vile ulichukua asubuhi moja tu, ukasema ajali. Tangu hapo, kila alipokutana na Parri dukani, mzee aligeuka kutazama makopo.

"Ulijua?" akamuuliza.

Parri aliangalia ufukweni, ambako sili jike alikuwa akimnusa mtoto wake mweupe.

"Nilijua. Ufa wa mwamba ulikuwa unaingia mkono mzima. Nilimwambia tajiri, akasema tumalize shehena kwanza. Nikarudi nikawaambia hawa waingie. Kwenye uchunguzi nikaapa sikuona kitu."

Nesta akampa chai. Nusu ikamwagika majanini.

Jumatatu alipanda basi hadi ofisi ya mchunguzi wa vifo. Karani, dada mpole aitwaye Eleri, aliandika kila kitu, hata mzee alivyovaa.

"Bi Nesta, mimi sikatai kwamba kasema," akasema mwishoni. "Mama yangu mwenyewe hunijia kila Ijumaa, ananiuliza kama nimekula. Lakini ushahidi lazima utiwe sahihi na mtu aliye hai."

"Alipokuwa hai hakusema."

"Hapo ndipo penye shida."

Akamsindikiza mpaka mlangoni. Hukumu ikabaki ileile: ajali.

Jumamosi Nesta aliwapa majibu. Wanaume walisikiliza wakitafuna taratibu. Hefin akaweka kikombe chini.

"Basi tena," akasema.

Nesta akalia. Hefin akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake, na vumbi la mawe likabaki shavuni mwa mkewe.

Saa saba na dakika ishirini mchana, saa ileile ya mwaka 1974, king'ora cha machimbo kililia. Wale saba wakasimama, wakavaa kofia zao, wakashuka machimboni wamefuatana, kama wafanyavyo kila siku. Parri alibaki ameketi. Kisha akainuka, akawafuata, akichagua pa kukanyaga kwenye changarawe. Hakuna aliyemwita, wala aliyemfukuza.

Mwamba ukaanguka.

Watembeaji wawili waliokuwa wakipanda walisimama kando ya njia, wakafumba macho mpaka vumbi likapita. Halafu wakauliza kama sili wanaonekana vizuri kutoka juu, na Nesta akawaambia ndiyo, wanaonekana.