Mchanga Usio na Nyayo

"Simama hapo hapo!" Saynab alipaza sauti bila kugeuka.

Hatua hamsini nyuma yake, Warfa alikanyaga breki. Gari lilitikisika, na kwenye kiti cha nyuma Idman, bintiye Saynab, akaguna. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika tangu jana alasiri.

Saynab alipiga magoti. Hapa ndipo njia ya kutoka Kutulo kwenda Elwak inaposhuka kwenye laga, mto mkavu wenye kingo za mawe. Kwingineko kote Warfa alikata porini, kama walivyojifunza madereva wote tangu mabomu yaanze kuzikwa barabarani. Laga ilikuwa haikwepeki. "Nitawapeleka, eeddo," alikuwa amemwambia alfajiri, akimwita shangazi kwa heshima, "ila pale lagani utatangulia wewe, kwa miguu." Saynab hakumlaumu. Warfa alikuwa amemzika kaka yake mwaka jana, na hawakuzika kingi.

Hakukuwa na mwingine wa kumwomba. Muuguzi wa zahanati alikimbia pamoja na walimu mashambulizi yalipoanza. Mnara wa simu ulilipuliwa wiki mbili zilizopita.

Kwa miaka thelathini Saynab alikuwa amefuata ngamia waliopotea, akausoma mchanga kama wengine wanavyosoma kitabu. Mchanga hauishiwi na habari: kwato za digidigi, mikwaruzo ya mbawakawa, kinyesi cha mbuzi. Lakini mbele ya goti lake palikuwa na kipande, upana wa mswala, kisicho na habari yoyote. Mtu alikuwa amekifagia kwa tawi.

Alirudi kinyumenyume, akikanyaga nyayo zake mwenyewe.

"Lipo," alisema.

Warfa alifuta uso. "Basi turudi."

"Kurudi ni saa mbili. Mtazame, Warfa."

Warfa aligeuka. Kiti kilikuwa kimelowa damu.

Wakamlaza Idman kwenye shuka, wakambeba juu ya mawe, mbali na njia, wakiteleza na kusimama, hadi ng'ambo ya pili. Hapo Saynab akaliona vumbi: pikapu ikitokea Elwak. Alikimbilia barabarani akipunga mikono.

Pikapu ilisimama mbali. Kisha ikaanza kurudi nyuma.

"Wallahi nina mgonjwa!" alipiga kelele. "Mbele kuna bomu!"

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Vua jilbabu! Nione umejifunga nini!"

Saynab alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Tangu aolewe, hakuna mwanamume mgeni aliyewahi kuona kichwa chake. Nyuma yake Idman aliita, "Hooyo, hooyo," kwa ile sauti aliyokuwa akimwita mama yake nayo alipokuwa mdogo.

Aliishika jilbabu kwa mikono miwili, akaivuta, akaitupa. Akainua mikono juu, akageuka polepole, mvi zake juani, gauni jepesi limegandamana na mgongo.

Pikapu ikaja. Yule dereva, mzee mwenye ndevu za hina, alishuka akitazama chini. "Nisamehe, dada."

"Usiniangalie. Mbebe mtoto wangu."

Warfa alibaki nyuma, akikata matawi ya miiba ya kufunga njia pande zote mbili za laga, asije mwingine akapita.

Kufikia adhuhuri Idman alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kujifungulia, hospitalini Elwak. Muuguzi mmoja alitoka mbio, akarudi na chupa mbili za maji ya dripu. Saynab alimshika mkono.

"Mtoto yuko hai," muuguzi alisema. "Wa kiume."

"Na wangu?"

"Tuombee, mama." Mlango ukafungwa.

Saynab aliketi sakafuni. Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi, na upande wa pili mtu alikuwa akiburuta kitu cha chuma, harakaharaka.