Yasmin Anawasemea Wazazi Wake

Jumatano alasiri Mwanaharusi alitandika mkeka, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akajitanda mtandio wake wa kutokea. Ameir, mumewe, alikuwa amefunga mapema kibanda chake cha mapazia mjini na kupanda teksi, kama wanavyoita daladala huku ugenini, kurudi mtaani kwao La Rochelle, na sasa alikuwa ananawa miguu kwenye bafu wanalochangia na wapangaji wengine. Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo. Binti yao Yasmin, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa katikati ya wazazi wake, akanyoosha goti linalomuuma, akabonyeza kiungo cha kikao cha ushauri walichotumiwa na mwalimu wake wa darasa.

Mwanamke aliyetokea kwenye kioo aliitwa Marlene Petersen. Alikuwa mshauri nasaha wa wazazi na familia tangu ujana wake, na siku hizi alifanyia kazi sebuleni kwake, upande wa pili wa jiji, paka akipita nyuma ya kiti. Aliwasalimu kwa Kiingereza.

"Nafurahi kuona na bibi amekuja," alisema.

"Bibi hayupo," Yasmin alijibu. "Mimi ndiye mtoto."

Bi Petersen alivaa miwani. Aliona nywele nyeupe zikichungulia chini ya ushungi, shingo iliyolegea, mikono yenye madoa. Akaomba samahani, akauliza hali hiyo ilianza lini. Yasmin hakuwa wa kwanza kwake. Aliwahi kumhudumia mvulana mmoja wa mtaa wa Diepsloot, mtoto wa mwenye spaza, kiduka cha mtaani, aliyekuwa akiwasemea wazazi wake kila mahali. Mvulana yule alikufa kwa uzee wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la saba.

Yasmin aliwageukia wazazi wake. "Anauliza nimeanza lini kuwa hivi."

"Mwambie tangu hospitali," alisema Mwanaharusi.

Wakati ule Yasmin alikuwa bado mdogo, na mama yake alikuwa na mimba kubwa. Daktari alipitisha mashine tumboni, akairudisha, akaipitisha tena. Kisha akautazama ukuta na kumwambia Yasmin amweleze mama yake kwamba moyo wa mtoto umesimama. Yasmin alimweleza. Walipofika kituo cha teksi, unywele wa kwanza mweupe ulikuwa umeshaota juu ya sikio lake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Yasmin alimsemea baba yake kwa polisi waliobeba mapazia yake, akarudi nyumbani na mikunjo usoni. Alimsemea mama yake kwa mwenye nyumba aliyetaka kuwatoa, mgongo ukapinda. Shuleni walimhamishia kiti cha karibu na mlango ili awahi choo. Kwenye teksi watu walimpisha wakimwita gogo, kama wanavyowaita bibi zao, naye alikaa, kwa sababu alikuwa amechoka kweli.

"Mwambie tatizo letu ni tabia," alisema Ameir. "Mtoto analala mchana. Ukimtuma, anakaa kwanza. Na anatujibu kama kwamba yeye ndiye mkubwa humu ndani."

Yasmin aliyafikisha yote hayo bila kupunguza.

"Na wewe?" aliuliza Bi Petersen. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Yasmin alifikiri. "Nataka mambo mengine niwe siyajui," alisema kwa Kiingereza.

"Umemjibu nini?" aliuliza mama yake.

"Nimemwambia sijambo."

Bi Petersen aliahidi kutafuta mkalimani. Wiki iliyofuata alieleza kwamba shirika lao lilikuwa na mkalimani mmoja tu wa Kiswahili, naye yuko likizo ya uzazi. Aliomba radhi. Wangeendelea na Yasmin kwa muda, na yeye angejitahidi kuuliza maswali mepesi.

Lakini maswali mepesi yalikwisha upesi. Jumatano moja aliuliza wao wawili, mke na mume, wanaishi vipi.

"Hilo si la kupita kwenye mdomo wa mtoto," alisema Ameir.

"Sasa litapita wapi?" Mwanaharusi alisema. "Mwambie, Yasmin. Mwambie tangu tulipomzika yule mtoto sijalala na baba yako. Akinigusa nasikia udongo. Mwambie hivyo hivyo."

Yasmin akamwambia Bi Petersen hivyo hivyo.

Ameir aliinamisha kichwa. "Basi mwambie na langu. Mwambie kuna mtu Unguja naongea naye kwenye simu. Kaka zangu wameshakwenda kwao kuposa."

Mwanaharusi alikuwa halijui jambo hilo. Alilisikia kwa Kiswahili, halafu akalisikia tena kwa Kiingereza kwa sauti ya binti yake. Yasmin alipofika mwisho wa sentensi, jino lake la mbele lilidondoka mkekani. Mwanaharusi aliliokota, akaliweka kwenye kisahani pembeni ya chupa ya chai.

"Mwulize baba yako," alisema, "huyo mwanamke anaitwa nani."

Ameir alikuwa ameketi pale pale, goti lake likikaribia kuligusa la mkewe. Yasmin alimwuliza. Ameir akataja jina, na Yasmin akamfikishia mama yake. Tangu siku hiyo akawa na kazi ya kutafsiri pia kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Chumvi ikipungua, Ameir alimwambia Yasmin. Mwanaharusi akitaka dirisha lifungwe, alimwambia Yasmin. Mwezi ulipokwisha Yasmin alikuwa hana meno, anatembea kwa fimbo, na jicho moja limeingia ukungu.

Jumatano ya mwisho Bi Petersen hakuuliza swali. Alisogea karibu na kamera.

"Yasmin, waambie wazazi wako neno kwa neno. Waambie waache. Wasikutumie tena kuwasemea, hospitali wala ofisini wala baina yao. Kuna madarasa ya Kiingereza ya jioni, ya bure, nitawatafutia. Wakiendelea hivi, utakufa kabla yao. Utakufa mwaka huu."

Yasmin aliwatazama. Mama yake alikuwa ameshika ncha ya mtandio akisubiri. Baba yake alikuwa na miadi kesho yake kwenye ofisi ya vibali vya kuishi nchini, na kibali chake kilikuwa kinakwisha.

"Anasema tunaendelea vizuri," Yasmin alisema. "Anasema nile vizuri, nipumzike."

Ameir alikuwa ameuza mapazia mjini muda wa kutosha. Kiingereza chake kilikuwa cha bei na rangi, lakini neno la kufa alilijua. Alikuwa amelisikia sasa hivi, mara mbili. Mwanaharusi aliutazama uso wa mumewe ukibadilika, naye hakumwagiza Yasmin aulize kuna nini.

"Mshukuru," alisema Ameir.

"Umewaambia?" aliuliza Bi Petersen.

"Nimewaambia."

"Mimi sijui Kiswahili, mwanangu. Lakini najua watu wakisikia neno kama hilo wanakuwaje."

"Wamesikia," alisema Yasmin. Na hilo lilikuwa kweli.

Bi Petersen alibaki akiwatazama watu watatu waliotulia mkekani. Alikuwa na familia nyingine inayosubiri. Akawatakia heri, kioo kikawa cheusi.

Asubuhi Mwanaharusi alimpikia binti yake uji mwepesi, wa mtu asiye na meno. Alimfunga koti, akampa fimbo mkononi.

"Shikamoo," alisema, na hakuwa anatania.

"Marahaba," Yasmin alijibu.

Barabara ilikuwa imechimbwa, teksi zinasimama ng'ambo ya robot, yaani taa za barabarani, kwa hiyo Ameir alimbeba mgongoni mpaka huko. Hakuwa mzito. Kwenye ofisi ya vibali foleni ilizunguka ukuta, lakini watu walipomwona kikongwe walisogea, na mlinzi akamletea kiti mpaka dirishani. Ameir alisimama nyuma yake. Ofisa alisema maneno mengi, Yasmin akiyasikiliza kwa sikio linalosikia.

"Anasema faili lako halijakamilika," alimwambia baba yake. "Turudi mwezi ujao."

Ameir alitazama chini. Wa nyuma yao alikuwa ameshaanza kusogea dirishani.

"Amesema na wewe uje?"

"Amesema na mimi nije."

"Sawa," alisema Ameir, akainama ili Yasmin apande mgongoni.