Koti la Watu Wawili

Mjini walimwita Pindo, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa fundi cherehani ambaye angeweza kukumalizia gauni la harusi, wageni wameshakaa, bwana harusi anatokwa jasho, na yeye bado amepiga magoti nyuma yako anafumua pindo kwa sababu limekwenda upande kidogo. Ukimwambia, "Limetosha, fundi," anakutazama kama umemtukania mama yake. Kazi yake ilikuwa safi, hilo tusimnyime. Ila wateja walioelewana naye ni wale wasio na haraka.

Duniani alikuwa na dada mmoja tu, aliyebaki kule milimani walikozaliwa, mkoa wa baridi na ukungu ambako nguo hukaa kwenye kamba siku nzima na jioni zinaanuliwa mbichi. Mama yao alipofariki wangali wadogo, dada ndiye aliyemlea. Nyumba nzima ilikuwa na koti moja. Asubuhi za kwenda shule, dada aliingiza mkono wake upande huu, Pindo akaingiza wake upande ule, vifungo vikafungwa katikati, na wakatembea wameshikana viuno, miguu ikigongana. Wenzao waliwacheka mpaka wakachoka wenyewe. Wacheke wasicheke, wawili hao walifika shuleni na joto lao.

Basi binti wa dada alipopiga simu kusema mama yake amelala kitandani, kifua kimembana na baridi ya safari hii haina huruma, Pindo alilia kweli kweli. Kisha akafuta machozi, akaenda kununua kitambaa kizito cha sufu. Akashusha ukutani karatasi ya vipimo vya dada, aliyoikata zamani dada akiwa mnene na afya zake, akaanza kazi. Hakuuliza kama vipimo vimebadilika. Fundi gani anauliza kipimo cha dada yake?

Binti akapiga tena. "Mama mdogo, njoo. Kila akiamka anakuulizia wewe."

"Nakuja, mwanangu. Imebaki kola tu."

Kola ikafumuliwa. Bitana ya ndani nayo ikafumuliwa, eti inavuta kwapani. Mtu mwingine angeshafika milimani na kurudi, lakini Pindo hakuweza kumpelekea dada kitu nusunusu. Hivyo ndivyo alivyojua kupenda, na ukaidi ule, Mungu amsamehe, ulimgharimu.

Simu ya mwisho, binti hata hakusalimia. "Mama mdogo, njoo hivyo hivyo ulivyo."

Pindo alishona vifungo usiku uleule, na kulipokucha alikuwa ndani ya basi, koti limekunjwa ndani ya shuka juu ya mapaja yake. Basi lilimfikisha chini ya milima na kuishia hapo. Kutoka hapo alipata lifti ya lori lililokuwa likipanda kuchukua kabichi.

Barabara ilijipinda na kujipinda tena. Joto la mjini lilibaki nyuma kwenye kona za kwanza, vumbi likageuka tope jekundu, na baada ya muda mashamba ya ngazi yalikuwa yamening'inia pande zote, mengine yamemezwa na ukungu. Masikio ya Pindo yaliziba. Meno yakaanza kugongana.

"Mama, huyo uliyempakata ni mtoto?" dereva akauliza.

"Koti."

"Koti! Na unatetemeka hivyo? Huku juu, mama, hata umbeya unaganda mdomoni. Vaa!"

"Si langu. Litakunjamana."

Dereva alicheka mpaka akakohoa, akachomoa gunia safi nyuma ya kiti na kumtupia mabegani. Pindo alijifunika gunia, koti la sufu likiwa mikononi mwake. Njia nzima aliomba kimoyomoyo jambo moja tu: amkute dada yu hai. Alimwona akilini amelivaa lile koti, amejaa ndani yake, anajigeuza mbele ya kioo.

Alimkuta yu hai.

Binti alimpokea mlangoni, macho mekundu, akamwongoza chumba cha nyuma ambako jiko la mkaa liliwekwa karibu na mlango ulioachwa wazi. Pindo alisimama. Kitandani palikuwa na mtu mdogo sana, mashavu yameingia ndani, mabega kama ya msichana. Macho tu ndiyo yalikuwa ya dada.

"Umechelewa, wewe," dada akasema, sauti imekwisha. "Ulikuwa unafumua nini?"

"Kola," Pindo akajibu, akaangua kilio. Dada akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Walimwinua wakamvika. Lile koti lilimmeza. Mikono ilipita vidole, mabega yakaanguka, na mbele pakabaki nafasi ya kumtia mtu mwingine. Pindo alihisi aibu inampanda mpaka masikioni. Kazi yote ile, na hakuna hata mahali pamoja palipokaa sawa!

Dada, kinyume chake, alikuwa anatabasamu. "Vizuri limekuwa kubwa," akasema. "Ingia na wewe. Tia mkono wako upande ule, tuvae kama zamani."

"Hebu niache na utani wako, dada. Lete nilipunguze, mara moja tu."

"Liache, mdogo wangu. Njoo hapa. Nasikia baridi."

"Ndiyo maana nalipunguza! Baridi inapita kwenye huo uwazi wote. Sekunde, nakuja."

Akamvua. Akamfunika mablanketi, akamsugua mikono, akatoa mkasi na pini. Alikaa kwenye kigoda karibu kabisa na kitanda, tuseme ukweli, hakwenda mbali. Akafumua mishono ya ubavuni, akakata kilichozidi, akapiga bandi ya kushikiza kwa muda, akaanza kushona kwa mkono. Nje ukungu ulikuwa umepanda mpaka dirishani na mchana ukawa kijivu.

"Njoo," dada akasema tena.

"Nakuja. Imebaki mkono mmoja."

Akashona. Safari hii mshono ulimtii, ukaenda umenyooka bila kumsumbua, na moyo wake ukatulia kidogo kama ulivyotulia siku zote sindano ikiwa mkononi. Alikuwa anamsimulia dada habari za dereva na umbeya unaoganda, akicheka peke yake. Alipofika mwisho wa pindo alikata uzi kwa meno.

"Haya, bibie. Inuka tujaribu."

Dada alikuwa amelala upande, amemwelekea, ameunyoosha mkono mmoja nje ya blanketi mpaka karibu na kile kigoda. Pindo aliushika. Alimwita dada, akautikisa, akampigia kelele binti aliyekuwa jikoni. Binti alikuja mbio, akaweka sikio kifuani kwa mama yake, kisha akakaa chini sakafuni na kujifunika uso.

Baadaye walimwosha. Walipofika kwenye kumvika, binti alileta gauni, Pindo akatikisa kichwa, akachukua koti.

Lilimkaa. Mabega yalifika penye mabega, mikono ikaishia kwenye vifundo vya mikono yake, vifungo vikafunga bila kuvuta. Hapakuwa na pa kufumua.

Pindo alipanda kitandani, akajilaza kando ya dada, akajaribu kupenyeza mkono wake ndani ya lile koti. Hapakuwa na nafasi. Vipande vya kitambaa vilivyobaki vilikuwa pale sakafuni chini ya kigoda, alipovikata mwenyewe.