Pale Poro Asimamapo

Nuru ya Januari huku kwetu, kaskazini ya mbali, ni ya buluu. Jua halipandi; linatuma salamu tu kutoka nyuma ya vilima, kwa saa mbili tatu za mchana, kisha basi.

Katika nuru hiyo nilizaliwa, njiani, na shukrani zangu ni zako, ewe poro, mnyama wetu wa pembe na manyoya, uliyekuwa ukivuta sleji ya baba yangu juu ya theluji.

Wazee wetu hawakuwa na saa wala mawe ya maili. Walikuwa na wewe. Waliona poro hawezi kukojoa huku akikimbia; sharti asimame, la sivyo ataumia, huenda asiinuke tena. Basi mwendo wa kutoka kusimama hadi kusimama wakauita poronkusema, mkojo wa poro. Kilomita saba hivi. Cheka tu, hata sisi hucheka. Lakini lina huruma neno hilo: watu walikubali safari yao ipimwe kwa haja ya mnyama.

Siku ile baba yangu, Nestori, hakukubali. Mama yangu, Saimi, alishikwa na uchungu, na hadi kwa mkunga ni poronkusema nne. Baba akataka kuziunga zote ziwe moja. Ukipunguza mwendo, baba anatikisa hatamu. Ukipunguza tena, baba anatukana.

"Nestori! Simama, mnyama amebanwa!"

"Ala! Unazaa, halafu unamwonea huruma poro?"

"Leo nimejua kubanwa ni nini. Simama, ama nishuke nitembee!"

Baba akasimama. Nani angebishana na mama?

Ukakojoa taratibu, bila aibu, mvuke ukipanda. Kengele ya shingoni mwako ikanyamaza. Ndipo wakasikia mtu akikohoa upande wa ziwa. Alikuwa Hilja, mkunga mwenyewe, akirudi kwa skii, mbao za miguuni za kutelezea thelujini, kutoka nyumba nyingine.

"Nyie! Mnakwenda wapi na mimi niko huku?"

Usingesimama, tungempita. Tungekuta mlango umefungwa.

Nilitoka palepale, kitovu kimenizonga shingoni mara mbili, silii. Hilja akakizongoa kwa vidole vya baridi. Nikalia.

Asante, poro. Asante kwa kibofu kilichojaa mahali pale na si pengine.

Mama husema baba aliposikia sauti yangu hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwako, akakukumbatia shingo, akalia kama mtoto. "Nisamehe, mzee," akakwambia. "Nisamehe."