Kilo za Maji

Mimi ni karani wa kituo cha chai, na wakulima hawanipendi. Mtu akileta majani yaliyolowa mvua, namkata kilo za maji papo hapo, awe shemasi au shangazi yangu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Gunia la maji nalijua kabla halijafika kwenye mizani.

Ndiyo maana mama aliponipigia simu kwa furaha kwamba Kiptum ameongeza kilo saba kwa wiki mbili, mimi sikufurahi. Miezi minne kabla, madaktari wa Nairobi walikata kipande cha ini langu wakampa huyo mdogo wangu, na tangu hapo mama alikuwa akimshindilia ugali. Kwetu mgonjwa akiota kitambi, watu wanajua amepona. Majirani walishakuja kushukuru kwa maombi. Kiptum mwenyewe alijipigapiga tumbo akisema sasa anafanana na mwalimu mkuu.

Nilienda kumwona. Mikono ilikuwa imekonda, tumbo limetuna, na nilipombonyeza mguu kwa kidole, kishimo kilibaki. Nikasema hizo si kilo za nyama, ni za maji, na kesho tunaenda hospitali ya Longisa. Mama alikasirika, akasema siachi kukata watu kilo hata nyumbani.

Longisa walimpiga picha ya ultrasound. Tumbo lilijaa maji, na damu ilikuwa ikitoka kwenye ini kwa shida. Wakatuandikia barua turudi Nairobi siku hiyo hiyo. Tukiwa kwenye benchi, mama akasema polepole, "Chepngeno, labda ini yako imemchokea."

Neno hilo liliniuma kuliko kisu cha daktari, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeliwaza. Kipande changu kikifa ndani ya Kiptum, sina kingine cha kumpa.

Nairobi, Daktari Dolphine alitueleza kwamba mshipa unaotoa damu kwenye ini ulikuwa umebana pale ulipoungwa. Damu inaingia, haipati pa kutokea, maji yanavujia tumboni. Hawangempasua tena. Wangepitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi pale palipobana, wapanue kwa puto dogo, kisha waache kimrija cha wavu wa chuma cha kupashikilia pasijifunge.

Tulingoja saa mbili. Mama alishika Biblia bila kuifungua.

Daktari alitoka akivua barakoa. Alimtazama mama, si mimi.

"Presha ndani ya ini imeshuka hapo hapo. Na hiyo ini ni nzima kabisa, mama. Imekua mpaka imejaza nafasi yake. Ni njia tu ilikuwa imezibwa."

Nilitamani arudie kwa kipaza sauti, kijiji kizima kisikie. Mama alinishika mkono, akaukaza.

Siku ya tatu Kiptum alikuwa amekojoa maji mengi mpaka nesi akamtania, na mbavu zake zilianza kuonekana. Akasema ana njaa, anataka chai na mkate. Mama akanyanyua kikombe, kisha akasita, akanigeukia.

"Muulize mwenye ini kama unaruhusiwa," akamwambia Kiptum.

Nikasema ale, ale mpaka ashibe. Nikalia mbele ya manesi wote, na sikuona haya.