Gauni la Bitana

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alimvalisha mpwa wake gauni lenye bitana mbili, akamfunga vifungo hadi shingoni, wakaenda kliniki ya kifua. Bitana haikuwa mapambo. Kila alipopigwa picha ya eksirei, ngozi ya mtoto ilizidi kupauka, na sasa kifua chake kilikuwa kama kioo cha dirisha. Mbavu, mapafu na moyo vilionekana bila mashine. Shuleni walishazoea. Mwalimu wa sayansi alimwazima tu walipofika somo la upumuaji, kisha akamrudisha kwenye dawati lake.

Daktari alikuwa mgeni. Pale kliniki madaktari hawakukaa, na kila aliyeingia alitaka picha yake mwenyewe. Huyu alifungua vifungo, akavaa miwani, akainama.

"Vuta pumzi, mama."

Mtoto akavuta. Mapafu yote mawili yakajaa.

"Amepona," daktari akasema. "Hongera, shangazi. Sasa akapigwe picha."

"Ya nini tena, daktari? Si umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Kwenye faili nibandike nini, macho yangu?"

Njia nzima fundi cherehani alikuwa amejiapiza kwamba leo mtoto hapigwi. Lakini bila picha hakuna kuruhusiwa, na mwenye nguvu mpishe. Akamshika mpwa wake mkono, wakaenda kupanga foleni.

Mpiga picha aliitwa Usitikisike, kwa sababu ndilo neno lake. Alikuwa mtu mwema, aliwawekea watoto peremende mfukoni.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba. Usitikisike."

"Kaka, mpunguzie basi nguvu ya mashine," fundi cherehani akaomba. "Huyu ni mdogo."

"Ningependa, dada yangu. Ila mashine imepangwa kwa mtu mzima tangu asubuhi. Nikiishusha kwa huyu, niipandishe tena kwa yule baba nyuma yenu, na foleni imefika getini."

"Basi ubane mwanga wa mashine, uishie kifuani."

"Nao umepimwa kwa upana wa mtu mzima."

Mlango ukafungwa. Kupitia kidirisha fundi cherehani aliuona moyo wa mtoto ukienda mbio, huku mwenyewe amesimama wima, hatikisiki. Ilimuuma. Kuna vitu mlezi hapaswi kuviona.

Daktari aliinua picha dirishani, akailinganisha na kifua. Vilifanana.

"Safi, kama nilivyoona. Mrudi mwezi ujao kwa uhakika zaidi. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo mje na picha mpya."

"Si ulisema amepona?"

"Amepona kabisa," daktari akasema kwa upole, akaita mgonjwa mwingine.

Walipofika barabarani fundi cherehani alimshika mtoto mkono wavuke. Kupitia kiganja kile kidogo akaviona vidole vyake mwenyewe, pamoja na alama za sindano.

"Shangazi, saa hizi ninaonekana mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye kiwiko tu, mwanangu," fundi cherehani akadanganya.

"Utanishonea glavu?"

"Nitakushonea."

Akamkaza mkono, wakavuka, wakaingia duka la vitambaa. Muuzaji hakuwauliza wanataka nini. Alishusha jora la bitana, lile ambalo siku hizi aliliweka karibu na mlango kwa ajili ya watoto wanaotoka kliniki.