Mume Aitwaye Yule

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta uani kwetu Mwanga, nimekaa kwenye kigoda, nachagua mchele. Ndiyo kazi yangu ya kila jioni: ungo mapajani, natoa chuya na vijiwe, naacha punje nzima.

Nikaokota chuya moja ili niitupe. Chuya ikasema, "Samahani, dada. Juzi uliniacha."

"Juzi sikukuona," nikajibu.

"Uliniona. Ulinisogeza kwa kidole hikihiki, ukasema haina neno. Leo kimebadilika nini?"

Niliirudisha polepole, na papo hapo ungo ukarushwa juu kama unapepetwa, nami nikajikuta niko ndani yake. Ungo umekuwa ukumbi. Tumepanga foleni, na mbele yetu kuna dirisha moja la maombi ya viza.

Nimeolewa. Mume wangu anafanya kazi nchi ya mbali yenye baridi, nami nimeomba kumfuata. Hilo ni kweli hata mchana. Na tangu niombe, masharti yamegeuzwa mara nyingi kiasi kwamba hata ndotoni sikushtuka kipaza sauti kilipotangaza: "Masharti yamebadilika. Dirisha limehama."

Dirisha likajing'oa ukutani, likatoka nje mbio. Tukalifukuza. Likapita barabarani, likaingia shamba la mkonge, likasimama katikati ya mistari likitweta.

Mbele yangu alisimama kaka mmoja muuguzi, Kiondo, mikono mitupu.

"Kaka, mzigo wako uko wapi?"

"Sanduku langu lilishakubaliwa," akasema. "Liliondoka mwaka jana. Lina kazi nzuri sasa, linaniletea salamu."

"Na wewe?"

"Mimi wanasema sijathibitisha undugu na sanduku."

Nilimpa pole. Akaniambia nisiongee sana, mikonge inasikiliza. Kweli, majani yalikuwa yameinama upande wetu.

Zamu yangu ikafika. Nyuma ya dirisha alikaa ofisa, na ofisa mwenyewe alikuwa koti. Koti jeusi, zito, la nchi za baridi, limefungwa vifungo hadi shingoni, na pale penye kichwa hapana kitu. Jua la Mwanga linachoma, koti halina hata tone la jasho.

"Bi Namsifu," likasema. "Thibitisha kwamba unaiweza baridi yetu."

Likanisogezea friza, kama zile za wauza barafu. Nikatumbukiza mkono hadi kiwiko, nikatulia. Nilikuwa nimejizoeza kwa siri kwenye friza ya jirani, kwa sababu sharti lilisema mwombaji asitetemeke.

Koti likanitazama, kwa namna koti linavyoweza kutazama.

"Hutetemeki."

"Ndiyo. Sharti linasema nisitetemeke."

"Hilo lilikuwa sharti la asubuhi. Sasa nataka kujua baridi uliizoelea wapi. Umewahi kuingia kwetu kisirisiri?"

"Hapana, sijawahi."

"Na mkono wako je?"

Nikautazama mkono wangu. Kusema kweli, nami nikaanza kuushuku.

Koti likaita shahidi. Sufuria yangu ya wali ikaja ikiyumbayumba, imeubana mfuniko kwapani. Haikunisalimia.

"Sema unachokijua," koti likaiambia.

"Mimi nasema ninachopikiwa," ikajibu sufuria. "Kila jioni anapika wali wa watu wawili."

"Mume wake yuko kwetu. Huyo wa pili ni nani?"

"Simjui. Asubuhi namwona anakula kiporo peke yake."

"Ni mazoea tu," nikasema kwa sauti ndogo. "Mkono umezoea kipimo."

"Mkono tena," likasema koti, na mikonge yote ikanong'ona: mkono tena, mkono tena.

Nikaitazama sufuria kwa uchungu. "Nimekusugua kwa majivu miaka yote hii," nikaiambia.

"Ndiyo maana siwezi kusema uongo, nang'aa," ikasema, ikaondoka.

Koti likaegemea mbele. "Tumalize. Mume wako anaitwa nani?"

Hapo nikakwama. Shangazi aliyenifunda kabla ya harusi aliniambia jina la mume si la kuitaita ovyo. Kati ya mambo yote aliyonifunza, mimi kwa aibu zangu nililishika hilo kuliko mengine. Wenzangu husema Baba fulani, lakini sisi hatujapata mtoto.

"Ni mwenzangu," nikasema.

"Mwenzako nani?"

"Yule."

Koti likashusha pumzi. "Tuna wanawake wengi sana hapa wenye mume anayeitwa Yule. Huyo Yule tunamtafuta."

Likaingiza mkono wake mtupu mfukoni, na mfuko ukaanza kuongea, mara kwa sauti yangu, mara kwa sauti ya mwenzangu. Umekula? Nimekula. Wewe je? Nimekula. Baridi ipo? Ipo. Haya. Haya.

"Haya mafumbo maana yake nini?" koti likauliza.

"Si mafumbo. Ni maongezi ya mke na mume, kwenye simu."

"Sisikii mke hapo wala mume. Nasikia wapishi wawili." Likagonga meza. "Sharti jipya. Kila ndoa iwe na neno moja la kweli, limetamkwa kwa sauti. Litamke, au dirisha linafungwa."

"Ni kweli, dada, nafunga," likasema dirisha, na vioo vyake vikaanza kusogea.

Ndipo kifungo cha juu cha koti kikafunguka chenyewe, halafu cha pili. Ndani yake alikuwa mwenzangu. Amekonda, midomo imepasuka kwa baridi. Hakutabasamu.

"Wananihoji na mimi," akasema. "Wananiuliza kama unanitaka mimi au unaitaka nchi. Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi najiuliza."

"Hata mimi najiuliza," nikasema. "Kila masharti yakibadilika, unanipa habari kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Nikawa nafikiri labda hutaki nije."

"Na wewe kila nikikupa habari hizo unasema 'haya'. Hulii. Huulizi. Haya tu."

Tukatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake kama mnunuzi anayepima noti mpya kwenye mwanga. Sijui ni lini tulianza kutazamana hivyo. Sidhani tulikuwa hivyo siku ya harusi.

"Mnaona?" koti likaiambia mikonge, huku likijifunga vifungo kuanzia chini. "Hata wao hawaaminiani. Tusilaumiwe sisi."

Kifungo kimefika tumboni kwake. Kimefika kifuani. Dirisha limebakiza upenyo wa vidole. Namwona mwenzangu anazama ndani ya kitambaa, macho yake bado yananiuliza, na mimi nimesimama pale na adabu zangu zote.

"Sifueli!" nikaita.

Shamba zima likageuka. Dirisha likajifunga kwa kishindo, nikaamka.

Kumekucha. Simu ilikuwa inaita karibu na mto. Ni yeye, saa ambayo huwa yuko kazini na hapigi.

"Umeniita?" akauliza, bila hata salamu.

"Lini?"

"Sasa hivi. Niko chumba cha kubadilishia nguo, peke yangu. Kuna mtu ameita Sifueli. Huku hakuna anayelijua jina hilo, wananiita kwa jina la ukoo. Nimegeuka, hakuna mtu. Usinicheke, lakini sauti imetokea kule tunakotundika makoti."

Sikucheka. Nikaketi kitandani, simu sikioni.

"Namsifu? Upo? Basi labda ni usingizi. Ila maadamu umepokea, nilikuwa nikupigie jioni. Wametangaza tena, masharti ya wenza yamebadilika. Sasa hivi wanasema..."

Sauti yake ilikuwa ileile, ya mtu aliyetua mzigo. Safari hii niliisikiliza vizuri, nikasikia kwamba ni ya mtu aliyechoka tu. Neno "haya" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalirudisha.

"Sifueli," nikasema.

Tangu tuoane hajawahi kunisikia nikilitaja.

"Sitaki kuja huko. Sijawahi kutaka. Nataka urudi nyumbani."